Viporo vya kazini: kazi tulizozianza bila kuzimaliza ndizo zinazotumaliza

Mleta uzi

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa taarifa za hesabu za kila mwisho wa mwezi, kazi ya kukaa kitini ambayo hata hivyo humkamua mtu kama aliyeshinda akibeba magunia. Nimeleta uzi huu kwa sababu kila tunapojadili tija kazini, ushauri huelekea upande mmoja: amka mapema zaidi, panga siku yako saa kwa saa, usiache nafasi tupu. Ushauri huo niliufuata kwa moyo wote, hadi nikawa wa kwanza kuingia ofisini na wa mwisho kutoka, na bado kazi zilinidai. Baada ya kujichunguza kwa muda mrefu nimeamini kwamba kilichokuwa kikinichosha hakikuwa wingi wa kazi wenyewe, bali wingi wa kazi nilizokuwa nimezianza na kuziacha njiani, pamoja na siku iliyojazwa pomoni isiyokuwa na mahali pa kuweka jambo la dharura.

Jioni moja, wenzangu wakiwa wameshaondoka, nilifungua daftari nikaorodhesha kila kazi niliyokuwa nimeigusa na haijaisha. Zilifika 17. Mojawapo ilikuwa barua ya kumjibu muuzaji, ambayo nilishaiandika yote na ilisubiri namba ya ankara tu, nayo ilikuwa imekaa siku tisa. Nyingine ilikuwa jedwali la wadaiwa, ambalo nilikuwa nimelifungua karibu kila siku ya wiki ile. Kila nilipolifungua nilianza kusoma tena tangu mstari wa kwanza ili nikumbuke nilipoishia, na nikifika katikati simu inaita, au unaingia ujumbe wenye neno "haraka", nami naliacha. Kesho yake niliizima sauti ya simu, nikailaza kifudifudi kwenye droo, nikakaa na jedwali lile peke yake. Liliisha kwa dakika 50. Nilibaki nimelitazama, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimelihesabu miongoni mwa mizigo mikubwa ya mwezi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kile tunachoweza kukiita masalia ya umakini: mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa ikiwa hakuikamilisha, na ile ya pili huifanya kwa ubora hafifu. Kwa hiyo mwenye viporo 17 hafanyi kazi 17. Anafanya moja kwa akili nusu, huku nyingine 16 zikimwita kwa zamu. Wahenga walishasema kuwa mshika mawili moja humponyoka, na sisi tunashika makumi kisha tunashangaa kwa nini mikono inatetemeka.

Upo upande mwingine wa suala hili ambao hujadiliwa mara chache, nao ni hesabu yake. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani aitwaye John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: ukigawanya idadi ya vitu vilivyomo ndani ya foleni kwa kasi ya kuvimaliza, unapata wastani wa muda ambao kila kitu hukaa humo. Tuiweke kazini. Ikiwa kwa kawaida unamaliza kazi mbili kwa siku na mkononi una kazi 20 zilizoanzwa, kila moja itakaa mkononi mwako siku 10 kwa wastani. Ukiwa na kazi sita mkononi, kila moja itakaa siku tatu. Kasi yako haijabadilika hata kidogo, wala hujakesha. Kilichobadilika ni idadi ya zile ulizozifungua kwa wakati mmoja, na wanaokusubiri wanaanza kukuona kuwa mtu anayetimiza ahadi.

Foleni hiyohiyo inatufundisha kwa nini siku iliyojazwa kabisa huvunjika. Elimu ya foleni ilianzia kwenye mitambo ya simu ya Copenhagen, ambako mhandisi Agner Krarup Erlang alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1909 kuhusu namna simu zinavyoingia bila mpangilio. Chukua mfano mwepesi wa mhudumu mmoja, ambaye watu humfikia bila ratiba na kila shauri huchukua muda wake. Akiwa na shughuli kwa asilimia 50 ya muda wake, kwa wastani kuna mtu mmoja mbele yake. Akifika asilimia 80, wanakuwa wanne. Akifika asilimia 90, wanakuwa tisa, na akifika asilimia 95, wanakuwa 19. Tazameni hatua ile ya mwisho: ameongeza juhudi kidogo tu, foleni imezidi maradufu. Ndivyo ilivyo kwa mfanyakazi ambaye ratiba yake haina hata nusu saa iliyo wazi. Kikao kimoja kikichelewa, kila kilichopangwa baada yake kinasukumwa, jioni inaliwa, na kesho inaanza ikiwa na deni. Wengi tunadhani nafasi tupu katika ratiba ni uvivu. Mimi sasa naiona kuwa sehemu ya kazi, kwa sababu ndiyo inayopokea mambo ambayo hayakupiga hodi.

Tatizo huongezwa na tabia yetu ya kukisia muda kwa matumaini. Roger Buehler na wenzake walichapisha mwaka 1994 utafiti uliowahusisha wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria kuwa wangemaliza kwa siku 33.9. Walipoombwa wakadirie endapo mambo yote yangekwenda vibaya kabisa, walisema siku 48.6. Uhalisia ulikuwa siku 55.5. Hata makadirio yao ya mabaya hayakufikia hali yenyewe. Tangu niyafahamu hayo, nimeacha kumwambia mtu kazi itachukua muda gani kwa kuifikiria tu. Nafungua daftari langu, natazama kazi inayofanana nayo ilichukua siku ngapi mara ya mwisho, na hiyo ndiyo tarehe ninayoitoa.

Ninachokifanya hivi sasa ni hiki. Nina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una kazi zilizo wazi, na hazizidi tatu. Ukurasa wa pili una kazi ambazo bado hazijaanza, na humo naandika zote bila kujizuia. Hakuna inayohama kutoka ukurasa wa pili kuja wa kwanza mpaka moja iishe, au ifike mahali ambapo inamsubiri mtu mwingine na mimi sina la kufanya. Ikinilazimu kuiacha kazi katikati, kabla sijanyanyuka naandika mstari mmoja wa hatua inayofuata, kwa mfano: "Nimefika mdaiwa wa 42, kinachofuata ni kulinganisha stakabadhi ya tarehe 14." Mstari huo huchukua chini ya dakika moja, nao umenisaidia kuliko jambo jingine lolote. Watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba lengo ambalo halijatimizwa huendelea kumsumbua mtu kichwani, lakini akishaweka mpango mahususi wa lini na vipi atalitimiza, usumbufu ule hutulia hata kabla kazi yenyewe haijafanyika. Nami naweza kushuhudia, kwa kuwa siku nilizoandika mstari ule sijaamka usiku nikifikiria ankara.

Barua pepe na ujumbe nazisoma mara tatu kwa siku, na saa ya mwisho ya kazi siipangii kitu. Karibu kila siku hupata kitu cha kuijaza, na siku isipopata, naondoka mapema kidogo bila kujilaumu.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wale ambao mazingira yao hayafanani na yangu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika. Nina swali moja ambalo naona lisipojibiwa litaacha pengo. Ukisema una kazi tatu tu zilizo wazi, zile 14 nyingine hazijayeyuka, zimehamishiwa ukurasa wa pili. Mtu anayeisubiri kazi iliyo kwenye ukurasa wa pili anaendelea kusubiri vilevile. Je, hujahamisha foleni kutoka chumba kimoja kwenda kingine ukaiita nafuu?

Mleta uzi

Mkuu, swali lako ni la haki, na kwa kiasi fulani uko sahihi. Kanuni ya Little haibagui: ukihesabu kurasa zote mbili pamoja, mtu wa mwisho kwenye orodha anasubiri karibu muda uleule. Hata hivyo zipo tofauti tatu ambazo nimeziona mimi mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba kazi iliyoanzwa hugharimu kila unapoirudia, kwa maana ya kusoma upya na kukumbuka upya, ilhali ambayo haijaanza haikudai chochote. Zile dakika nilizokuwa nikizipoteza kulisoma jedwali la wadaiwa tangu mstari wa kwanza zimerudi, kwa hiyo kasi yenyewe imepanda.

Ya pili ni kwamba kazi isiyoanza bado inaweza kubadilishwa. Inaweza kupewa mwenzangu, inaweza kupunguzwa, na wakati mwingine aliyeiomba hugundua haihitaji tena. Katika zile 14, mbili zilifutwa na waliozileta wenyewe kabla sijazigusa. Kama ningekuwa nimezifanya nusu, nusu hiyo ingekuwa hasara tupu.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Ukurasa wa pili unapokuwa mrefu unasema ukweli ambao viporo huuficha. Mwenye viporo 17 anaweza kumwambia kila mtu "naishughulikia," na kauli hiyo si uongo kamili, lakini haimsaidii anayesubiri kupanga mambo yake. Mwenye kurasa mbili analazimika kusema "sijaanza, nitaanza Jumatano," na ukurasa ukizidi kurefuka wiki baada ya wiki, hapo inajulikana kuwa kazi zinazoingia ni nyingi kuliko zinazoweza kutoka. Ugonjwa huo hautibiwi kwa mpangilio wa mtu mmoja. Unahitaji watu waongezwe au kazi zipunguzwe.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma kwa makini na nakubaliana na mengi, ila kwa wengine wetu kupanga si kwetu. Mkuu wangu wa kitengo huja mezani na kazi mpya akiwa amesimama, anataka ianze wakati huohuo, na baada ya saa mbili anaulizia ile ya asubuhi. Nikimwambia nina kazi tatu tu, ataona nakaidi. Kwa mtu wa namna yangu unashauri nini?

Mleta uzi

Ndugu, hali yako ndiyo ngumu kuliko zote, na haitokani na udhaifu wako. Mwaka 1979 Robert Karasek alichapisha utafiti uliotumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Uswidi, na alichokionyesha ni kwamba mzigo mkubwa wa kazi peke yake hauelezi msongo. Wanaoumia zaidi ni wale wenye mzigo mkubwa na uhuru mdogo wa kuamua waufanye vipi. Kwa hiyo unachohitaji kukipata, hata kwa kiasi kidogo, ni nafasi ya kuamua, na kwa mazingira yako nafasi hiyo inaombwa kwa heshima.

Nami niliwahi kuwa na mkuu wa namna hiyo, na nilikosea kwa muda mrefu kwa kujibu "sawa" kwa kila kitu, halafu kuchelewesha vyote. Siku niliyobadilika sikumkatalia. Nilibeba ukurasa wangu wa kwanza, nikauweka mbele yake na kumwambia: "Mzee, hizi tatu ndizo zilizo mkononi. Hii mpya nikiianza sasa, taarifa ya wadaiwa itatoka Alhamisi badala ya Jumanne. Naomba uniambie ipi itangulie." Aliutazama ule ukurasa kwa muda, akaonyesha kwa kalamu kazi moja akasema, "Hii iache, wala haikuwa ya wiki hii." Nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili ya kazi hiyo.

Neno la kuzingatia hapo ni "ipi itangulie." Ukisema "siwezi," mazungumzo yanahamia kwenye uwezo wako. Ukiuliza ipi itangulie, yanabaki kwenye kazi, na mwenye mamlaka anaitumia mamlaka yake mahali inapostahili. Sikuahidi kwamba kila mkuu atalipokea. Wapo watakaojibu "zote," na hapo ningekushauri uandike makubaliano mafupi kwa barua pepe, ukieleza utaanza na ipi na nyingine zitafuata lini, ili atakayeuliza baadaye asikute kumbukumbu yako peke yake.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nipo mapokezi, na kukatizwa ndiyo kazi yenyewe. Siwezi kuifungia simu kwenye droo. Lakini ule mstari wa hatua inayofuata nimekuwa nikiutumia kwa miaka bila kujua kuwa una utafiti nyuma yake, kwa sababu kwetu tunafanya kazi kwa zamu na lazima kukabidhiana. Tulikuwa tukikabidhiana kwa mdomo, na kila wiki jambo moja au mawili yalipotea: mgeni aliyeahidiwa kupigiwa simu hapigiwi, kifurushi hakijulikani kilipo. Tulipoanza kuandika kwenye daftari la zamu kwamba jambo limefika wapi na nani anafanya nini baadaye, makosa yalipungua. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba nilianza kufika nyumbani nikiwa mwepesi. Zamani nilikuwa narudi na mambo ya mapokezi kichwani na kupiga simu usiku kumuuliza mwenzangu kama alikumbuka. Sasa nikilifunga daftari, nimelifunga.

Tulifanya na jambo jingine: watu wawili wakiwa zamu moja, mmoja hupokea wageni na simu kwa saa nzima, mwingine hukaa pembeni na makaratasi bila kuguswa, kisha wanabadilishana. Kabla ya hapo wote wawili tulikuwa tukikatizwa siku nzima na makaratasi yakabaki mpaka jioni.

Mleta uzi

Mchango huu nimeunakili kwenye daftari langu. Mimi nilikuwa nikiulinda umakini wangu peke yangu, nanyi mmeulinda kwa zamu, jambo linalofaa zaidi pale ambapo mlango hauwezi kufungwa. Ningeongeza tu kwamba hata ofisi zisizo na mapokezi zinaweza kuiga mpango huo: mtu mmoja wa idara ajibu maswali ya asubuhi, mwingine ya mchana, na wengine waachwe wamalize.

Mchangiaji wa nne

Samahani nikileta jambo zito. Nimejaribu orodha, ratiba, na kila mbinu iliyotajwa humu. Hali yangu ni kwamba Jumapili jioni ikifika moyo unaanza kwenda mbio. Kazi niliyoipenda sasa naichukia, na hata nikiimaliza naona sijafanya kitu. Natoka ofisini saa mbili au saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Je, ni viporo tu?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hukuhitaji kuomba samahani. Kwa unavyoeleza, sidhani ni viporo, na sitaki kukuuzia daftari mahali panapohitaji jambo kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeueleza uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona huna ufanisi. Umezitaja zote tatu kwa maneno yako. Shirika hilo haliuhesabu kuwa ugonjwa, lakini dalili za namna hiyo, na hasa huo moyo kwenda mbio, zinastahili kusikilizwa na daktari, kwa kuwa zinaweza kuwa na chanzo kingine pia. Naomba usilichelewe hilo.

La pili ni saa. Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha mwaka 2021 makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa takriban asilimia 17. Na kinachoniuma ni kwamba saa hizo za ziada hazimnufaishi hata mwajiri kama anavyodhani. Mchumi John Pencavel alizichambua upya kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akachapisha matokeo mwaka 2014: waliofanya kazi saa 70 kwa wiki walizalisha kiasi kilichotofautiana kidogo sana na cha waliofanya saa 56. Saa 14 za uhai wa mtu, kila wiki, karibu bure.

Usingizi nao hudanganya. Katika jaribio lililochapishwa na Hans Van Dongen na wenzake mwaka 2003, watu waliolala saa sita kwa usiku kwa wiki mbili walifikia kiwango cha makosa cha mtu aliyekesha, ilhali wenyewe waliona wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo usijipime kwa namna unavyojisikia saa mbili usiku ukiwa bado mezani.

Kama unaweza, kwa wiki mbili zijazo andika kila siku saa uliyoingia, saa uliyotoka, na kazi iliyokubakiza baada ya saa za kawaida. Usibadilishe kitu kingine. Karatasi hiyo mpelekee daktari, na nakala yake umpelekee mkuu wako au anayeshughulikia wafanyakazi, kwa sababu "nimechoka" inaweza kujadiliwa, lakini saa zilizoandikwa kwa tarehe ni vigumu kuzipinga. Ukishaianza, rudi hapa utueleze, hata kama ni kwa mistari miwili. Nitakuwa naufuatilia uzi huu.